Mwalimu Ondiek na Swali Lake la “Mnanisikia?”

Na Lorna Mwihaki, Ofisi ya Masomo ya Mtandaoni

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mwalimu Byron Ondiek, msimamizi wa maelekezo kwa wanafunzi wapya wa masomo ya mtandaoni, anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Sisi tunaofanya kazi upande wa pili wa ukuta wake tutapata utulivu ambao hatujauonja tangu masomo hayo yaanze. Ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba, na Mwalimu huamini kwamba mtu aliye mbali lazima aitwe kwa nguvu.

Aliajiriwa mwaka 1994 kufundisha uwekaji hesabu, enzi za chaki na taipureta. Akasimamia bweni la wavulana, akaongoza kwaya ya wafanyakazi mpaka ikaanza kushinda, jambo lililowashangaza hata waimbaji. Korona ilipofunga milango ya chuo, uongozi ulitafuta mtu wa kuwapokea wanafunzi wapya mtandaoni na kuwaonyesha pa kuingilia, pa kusomea na pa kuwasilishia kazi zao. Vijana wa kompyuta walikwepa wote. Mwalimu Ondiek, ambaye wakati huo alikuwa bado anachapa barua kwa kidole kimoja, akainua mkono. Hadi leo anashikilia kwamba alitaka tu kuuliza chai italetwa saa ngapi.

Kila muhula alifungua wiki ya maelekezo kwa swali lile lile: “Mnanisikia?” Kisha hunyamaza, anangoja. Asipojibiwa, huuliza tena, kwa sauti ya juu zaidi. Wengine wetu huendelea tu na somo na kutumaini mema, lakini yeye hakuweza. Alisema hawezi kumwelekeza mtu ambaye hana hakika kama yupo.

Muhula mmoja alitokea mwanafunzi ambaye kwenye skrini jina lake lilisomeka “Mama Nyanya Otonglo”. Mwalimu akadhani ni bibi wa watu aliyeamua kurudi shuleni, akafurahi mno. Kwa siku kadhaa alimsifu mbele ya darasa na kuwaomba vijana waige moyo wake. Mwishowe kipaza sauti kikafunguliwa, na sauti nzito ya kijana aliyekuwa akiona haya ikaeleza kwamba yeye ni Wekesa, na kwamba ile ni simu ya shangazi yake anayeuza nyanya sokoni Otonglo. Mwalimu aliomba radhi, lakini jina halikutoka. Wekesa alihitimu akiwa Mama Nyanya, na nasikia hata kazini kwake wamelipata.

Lakini kisa kinachomweleza Mwalimu kuliko vyote ni cha Emmaculate Adero wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Adero alichelewa kujiunga, akakosa siku ya kwanza, ambayo ndiyo siku ya kufundishwa vitufe. Kila asubuhi Mwalimu aliita, “Adero, unanisikia?” na kila asubuhi hakusikia kitu. Namba ya simu aliyoacha ilikuwa ya mjomba asiyepokea. Kanuni ya wakati huo ilikuwa wazi: asiyeitika katika wiki mbili za kwanza, nafasi yake hupewa mwingine. Jina la Adero lilikuwa liondolewe Jumatatu. Mwalimu aliomba asubiriwe, akaambiwa huruma haiendeshi chuo. Jumamosi akawasha gari lake kuukuu akaenda Usenge.

Ufuoni aliwakuta akina mama wakianika omena, wale dagaa wa ziwani. Alijitambulisha kuwa ni mwalimu kutoka chuo cha Kisumu, na kwamba anamtafuta Adero. Wakatazamana. Mmoja wao akamsogelea, akamwinamia sikioni, akapaza sauti kama anayeita mashua: “Pole sana, Japuonj, mwalimu wetu! Masikio imepona?”

Kumbe Adero alikuwa akiitika siku zote. Kila asubuhi alikaa kando ya nyavu za kuanikia, simu mkononi, akajibu “Nakusikia, Mwalimu!” kwa sauti iliyofika majini, huku kipaza sauti cha simu kikiwa kimezimwa. Mwalimu akiuliza tena, naye anarudia. Akina mama wakaingiwa na huruma, wakawa wanamsaidia, ufuo mzima ukiitika, “Anakusikia!” Usenge walijua kabisa kwamba chuo chetu kimeajiri mwalimu asiyesikia, na walikisifu kwa utu wake.

Mwalimu alimwonyesha Adero ile picha ndogo ya kipaza kilichopigwa mstari, akaenda nyuma ya mashua, akafungua darasa kwenye simu yake. “Adero, unanisikia?” Jibu lilitoka kwa Adero na wanunuzi wa samaki wote kwa pamoja, nusura limpasue sikio kweli. Anasema hajawahi kufurahi hivyo kazini. Jumatatu alifika ofisini na mfuko wa omena na hasira. Alimweleza mkuu wa chuo kwamba tulikuwa tunamfukuza binti kwa kutojua kitufe ambacho sisi ndio tulipaswa kumwonyesha. Adero akabaki, na mwaka jana akahitimu. Kanuni nayo ikabadilishwa: haondolewi mtu kwa ukimya mpaka mmoja wetu amtafute na kumsikia kwa masikio yake.

Sasa anaondoka, na chuo kimerekodi maelekezo yake kwenye video. Fundi wetu, Irungu, aligundua kwamba kila baada ya “Mnanisikia?” Mwalimu ananyamaza, anaikodolea kamera macho, anangoja. Akataka kuvikata vipande hivyo. Mwalimu akakataa katakata, na mara hii hakuwa anatania. Aliniambia kinachomnyima raha ya kustaafu ni kwamba video haitajua ni nani hakuitika, na Adero mwingine atapotea huku akiitika kwa nguvu zake zote.

Mwalimu, kiti chako nimekabidhiwa mimi. Video itaonyeshwa na kimya chake chote, na ikiisha nitaita majina, moja baada ya jingine. Asiyeitika nitamfuata aliko, ingawa naendesha gari vibaya kuliko wewe. Hilo liondoe moyoni.

Wenzangu, Ijumaa atakaposimama ukumbini kuzungumza, sote tunajua atakachouliza kwanza. Tafadhali msimwache angoje.

Asante kwa yote, Mwalimu. Tunakuombea afya njema, shamba lenye mavuno, na simu yenye chaji ili tukusumbue. Utatukosesha raha kwa kutokuwapo kwako, na nitaukumbuka hata ule ukuta ukitetemeka. Tunakusikia. Tumekuwa tukiitika miaka yote hii. Pengine ni kipaza tu kilikuwa kimezimwa.