Nyungunyungu wa Lodu

Asubuhi hiyo pale Malakia, Juba, benchi la Teopista muuza kahawa lilikuwa limejaa hasira kabla hata jabana, birika lake la udongo, haijachemka. Lodu, wanayemwita Kapteni kwa sababu ana ndoana tatu na hana mtumbwi, alikuwa ametua kopo la maziwa ya unga katikati ya vikombe. Ndani, nyungunyungu wa chambo, wote wamekufa. Na leo mama mkwe anafika kutoka Arua, mara yake ya kwanza kukanyaga nyumba ya Lodu, na Lodu alishamwapia kwenye simu kwamba atakula samaki bulti aliyevuliwa na mkwe kwa mkono wake. Akamkazia macho Gaetano, Mganda aliyemchimbia nyungunyungu hao nyuma ya gereji.

— Wewe umenipa wagonjwa!

— Wagonjwa wapi? Jana walikuwa wanataka kutoroka!

— Leo wamelala kama kamba za viatu. Wallahi, umeniua!

Mwangi wa spea, yaani Profesa, akapuliza kikombe chake.

— Ni ndege, bana. Ile ya mizigo jana ilipita chini sana. Nyungunyungu ana roho ndogo.

— Roho gani? Huu ni wivu! Gaetano akafoka. Kuna mtu hapa hataki Kapteni asifiwe na wakwe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

— Nyungunyungu hana guu! Profesa akadakia.

— Ndiyo maana amekufa mzima!

Lodu alipiga benchi. Aliwalaza sebuleni juu ya kabati, mbali na jua, mbali na kuku. Wanawe wenyewe hawajawahi kulelewa hivyo.

— Hata ule udongo wako mchafu nilimwaga wote! Mama mkwe alisema samaki ya Juba inakula uchafu. Mimi hapana taka aibu!

— Basi ni mtandao wa simu, akasema Profesa. Unapita juu ya kabati, unawapiga kichwani.

— Kalas! Teopista akawakatiza. Jua linapanda, na samaki hawangoji kesi yenu.

Boda ikasimama. Akashuka mama mwenye mkoba mkubwa. Lodu aliruka wima, macho chini, maana mkwe hatazamwi usoni. Mama akawasalimu wote, akaliinua kopo, akanusa.

— Mwanangu, mbona hawa wananukia sabuni?

Profesa akanywa kikombe kisicho na kitu. Gaetano, aliyetukanwa tangu asubuhi, akavuta jembe lake chini ya benchi na kushika njia ya gereji. Lodu akamfuata na kopo lake, masikio yakimwaka kwa aibu.

— Na udongo msiuoshe! mama akawapigia kelele kwa nyuma.