Siki ya Uvunguni

Kwenye basi la jioni, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana. Mmoja alikuwa fundi cherehani, futi bado ikining'inia shingoni. Mwingine alikuwa amepakata furushi la mitumba. Fundi alikuwa akieleza alivyopika bia ya Krismasi mapema, akaijaza kwenye chupa na kuihifadhi.

"Bia haitaki haraka, dada. Ikikaa ndiyo inanoga. Shida ni shemeji zangu. Kila mwaka wanaimaliza kabla ya sikukuu, mimi nawapa wageni maji."

"Sasa mwaka huu umeificha wapi?"

"Uvunguni kwa mama mkwe. Mlokole yule, nani atakwenda kupekua kwake? Mwenyewe nimemwambia ni siki."

Nilitamani kumpigia makofi. Mimi nimelea watoto wanne, na sijawahi kuficha biskuti zikafika Jumapili.

"Akili unazo, shoga," alikiri wa mitumba. "Na mama mwenyewe hajambo?"

"Hajambo sana! Siku hizi hata magoti hayamsumbui. Anaingia chumbani mapema, anaimba mapambio mpaka usingizi unampitia."

Wa mitumba alimgeukia taratibu. "Dada, umechungulia uvunguni hivi karibuni?"

"We! Usimsingizie mama wa watu!"

"Simsingizii. Nauliza tu, hayo magoti yamepona kwa dawa gani?"

Basi likasimama kituoni kwake. Fundi akasema hana wasiwasi wowote, akashuka bila kuaga, akakata mtaa mbio, futi ikimpepea mgongoni.