Wendell Thorsgaard na Ndege Aliyoijenga Miaka Saba

Ndugu, jamaa na majirani, karatasi hii ya historia ya marehemu ilikuwa aisome Kurt, mdogo wake, lakini Kurt mnamwona hapo mbele amevaa koti la kurukia, ameahidi kwamba saa nane kamili tukiwa makaburini atapita juu yetu na ndege yake kumuaga kaka yake, kwa hiyo nasoma mimi, mke wa marehemu, na nikienda mbio mnisamehe, mtoto hajanyonya.

Marehemu Wendell Thorsgaard alizaliwa tarehe 9 Machi 1985 hapa hapa Elk Hollow, Wisconsin, mtoto wa kwanza kati ya wawili, akasoma shule ya msingi na sekondari mjini, akamaliza mwaka 2003, kisha akasomea uchomeleaji miaka miwili, na tangu Agosti 2005 mpaka kifo chake alifanya kazi katika kiwanda cha mashine za kukamulia ng'ombe, ambako msimamizi wake aliniambia juzi kwamba kwa miaka kumi na minne hakuwahi kurudishiwa kazi hata moja.

Leseni ya urubani aliipata tarehe 22 Mei 2010, wenzake wa klabu ya urubani wakamkata shati mgongoni kama ilivyo desturi kwa rubani mpya, wakaandika tarehe, wakalitundika ukutani kwenye banda la ndege, bado lipo, nendeni mkalitazame. Tulifunga ndoa tarehe 18 Juni 2011, Mungu akatujalia watoto wawili, Maren aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2015, na Otis wa tarehe 30 Aprili mwaka huu, ambaye atamjua baba yake kwa picha tu.

Ugonjwa wake, kama mtakubali niuite ugonjwa, ulianza tarehe 5 Novemba 2012, lori liliposhusha masanduku kwenye gereji yetu, ndani yake vipande vya ndege ya viti viwili, ile yenye mbio, inayotua kwa kasi ambayo ndege ya klabu haifikii hata ikiwa angani, na Kurt naye akaagiza ya kwake, ileile. Miaka saba Wendell alipiga riveti, zile pini za kuunganisha mabati ya ndege, na kila Jumamosi kwenye chapati za maji na soseji pale kwenye uwanja wa ndege wa klabu mlikuwa mnamcheka, nawajua kwa sauti, "Wendell, mimba gani hiyo ya miaka saba, mkunga ameshastaafu!" naye anacheka, anarudi gerejini. Kuruka kwenyewe akaacha, muda hakuwa nao, alikuwa anajenga. Daftari lake la kuandikia saa za kuruka ninalo hapa, saa tisini na nne maisha yake yote, kumi na moja tu tangu masanduku yaje, na mara ya mwisho ni Oktoba 2017.

Mkaguzi wa ndege alikuja Agosti mwaka huu, akapita na tochi siku nzima, hakuona riveti hata moja mbaya. Kibovu kilikuwa rubani, na rubani hakuna aliyemkagua.

Mzee Nygaard, aliyenyunyizia mashamba yetu dawa kutoka angani miaka arobaini, alimfuata mbele ya watu akamwambia, "Mwanangu, niachie niirushe mara tano za kwanza, kisha tukae pamoja mpaka mkono wako uizoee." Mkapiga meza. "Aliyejenga ndiye anayerusha!" mmoja akasema, na mwingine, simtaji, yuko safu ya tatu, akasema, "Basi na harusini angekuvalia yeye suti!" Wendell akamwambia mzee asante, hapana. Na mimi sijitoi lawamani, tarehe 13 jioni nilimwambia, irushe basi, nimechoka, nataka gereji yangu.

Jumamosi tarehe 14 Septemba 2019, saa mbili na nusu asubuhi, mlipanga viti kando ya njia ya kurukia, mkashika vibao vya kumpa alama akitua. Aliruka vizuri. Alizunguka dakika kumi na mbili, akaja kutua, ndege ikamzidi mbio, akapitiliza mstari wa njia ya kutulia, akaivuta irudi kwa kona kali, ikapoteza kasi akiwa chini mno, bawa likakosa upepo wa kulibeba, ikabinuka, ikaanguka. Mlikuwa bado mmeshika vibao. Alifariki hospitalini Jumatatu tarehe 16, saa kumi alfajiri, na neno la mwisho nililolisikia ni, "Injini haikukosea," na kweli haikukosea.

Sasa Kurt, shemeji yangu, wewe una saa sitini na moja za kuruka, mwaka huu hujaruka hata mara moja, hiyo ya kwako haijawahi kuacha ardhi, na mkeo Lorna hapo pembeni yako ana mimba ya miezi saba. Jana niliandika historia ya pili, iko mkobani, ilinichukua dakika ishirini tu, shule ni ileile, kiwanda ni kilekile, uwanja ni uleule, nimebadilisha jina na kuacha nafasi ya tarehe. Nikiisoma hiyo sitalia, nimeshalia yote kwa kaka yako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana siku mbili na mwili ambao hawakuuharibu wao, majirani mliojaza jiko langu vyakula vya kuoka, wenzake wa kiwandani mliochomelea msalaba, na Mzee Nygaard, aliyesema mapema na kwa upole, ndiyo maana hakusikilizwa.

Wendell, mume wangu, lala salama, hakuna anayekupa alama tena. Kurt, kabla hatujabeba jeneza, leta ufunguo wa ndege hapa mkononi mwangu.