Nukta Tatu Ndani ya Kabureta

Ndugu, jamaa na majirani, karatasi hii ya wasifu ni ya pili, kwani ya kwanza ililetwa jana na mwenye gereji alikofanya kazi marehemu, ikimtaja marehemu dada yetu kuwa mfagiaji mwaminifu wa miaka arobaini, nasi familia tumeirudisha kwake ilivyokuja.

Marehemu, ambaye mlimwita Sikio kwa sababu aliegemeza bisibisi kwenye injini na mpini sikioni mpaka ausikie ugonjwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akawashinda wavulana wote kwa hesabu, akaomba chuo cha ufundi, akaambiwa aende darasa la kushona.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa gereji kufagia, na hilo ni kweli, alifagia miezi minane, baada ya hapo alishika spana, na ufagio aliushika nani, mwenye gereji mwenyewe anajua. Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi viatu, shemeji yetu huyu, ambaye alipotaniwa kwamba mkewe ananuka petroli alijibu kuwa naye ananuka gundi, basi wamelingana, wakajaliwa binti mwaka 1982 na mtoto wa kiume mwaka 1985.

Agosti 1986 gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa limeshindwa kilima cha hospitali, jamaa za mgonjwa wakishuka kusukuma, na dada ndiye aliyeifungua injini, akasaga valvu, vile vilango vya injini, akizipekecha kwa viganja mpaka zikakaa bila kuvujisha nguvu, akapanua njia ya hewa ya kabureta, akaongeza na tundu la petroli kwa kadiri ileile, maana alisema injini ni kama mtu, ukimwongezea pumzi umwongezee na chakula, na gari likapanda limejaa watu. Cheti cha shukrani kilikuja na jina la mwenye gereji, kikatundikwa ofisini, na dada akaambiwa awe anakifuta vumbi.

Novemba 2017 mapafu yalianza kumsumbua, akapelekwa hospitali kwa gari lilelile, ambalo dereva wake alipostaafu aliondoka nalo, na akiwa amelala nyuma alimwambia dereva huyo kuwa valvu ya pili inagonga, akaendelea kuugua mpaka alipofariki Jumanne tarehe 11 Juni 2019, saa nne asubuhi, mwanawe akimshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti na maji, na mafundi wenzake mliotueleza ukweli huku mkijua kesho mnarudi kazini kwa mtu yuleyule.

Mwenye gereji naye ahsante kwa kufika, ila kabla hatujamzika dada tuna ombi moja: gari lile la wagonjwa liko hapo nje, boneti iko wazi, spana iko juu ya betri, afungue mfuniko wa kabureta atazame upande wa ndani, ambako dada aligonga nukta tatu kwenye kila kazi aliyoimaliza, kisha atuambie mfagiaji alifikaje humo. Tutamsubiri, jeneza halina haraka.

Pumzika kwa amani, Fundi.