Surua na Sindano Havilali Kitanda Kimoja

Pale Molenbeek, karibu na mfereji, kuna benchi la chuma ubavuni mwa mlango wa nyumba wanakochanjiwa watoto. Lakini wenye benchi si wenye watoto, ni wenye kahawa. Mujinga wa Lubumbashi, anayeitwa Radio, huja na thermos na bakuli la mikate, yale maandazi madogo ya Kikongo. Papa Amissi wa Bujumbura, anayeitwa Ministre, yaani waziri, kwa kuwa hakosi jibu, huja na tai hata Jumamosi. Otieno, Mkenya anayelinda ofisi za Umoja wa Ulaya pale Schuman usiku, huja na usingizi. Na Kahambu wa Butembo, anayeitwa Koko, yaani bibi, huja na magoti yake yanayomuuma. Ila asubuhi hiyo ya mwaka 2011, surua ilipokuwa inatembea Ubelgiji, Koko alikuja pia na mjukuu wake Mathilde, wa mwaka mmoja, amelala kigarini. Georgina, mama wa mtoto, alikuwa amekimbilia kazini na kuacha neno moja tu: “Maman, leo achomwe. Surua imeingia crèche, kwa watoto wenzake.” Sasa, mle ndani hawagawi namba. Unafika, unauliza nani wa mwisho, unaishika sura yake. Akishaingia yeye, zamu ni yako. Wanawake wawili walikwisha kuuliza, na wote wawili Koko aliwaambia: “Pita tu, minakunywa kahawa.”

— Koko, ni kahawa gani ile haiishe? akasema Mujinga. Kikombe yako imepoa zamani.

Koko akavuta blanketi la Mathilde, ingawa halikuwa limeteleza.

— Minaogopa, Mujinga. Mama yangu alikuwaka anasema: surua na sindano havilali kitanda kimoja. Mdogo wangu alishikwa na surua kule Butembo. Bakamupeleka ku dispensaire, bakamupiga sindano, hakufika kesho. Mama akasema ni sindano njo ilimuua. Sasa mimi mwenyewe nimupeleke Mathilde?

Benchi lile halikujua kunyamaza.

— Bon, akasema Amissi, akinyoosha tai. Nchi hii karibu mwaka mzima haina serikali, lakini sindano hazijakosa hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu mwenye sindano ni ng'ombe! Zamani huku Ulaya walichukua usaha wa ng'ombe, wakauchanja mkononi mwa mtoto, ndui ikamkimbia. Hiyo ni histoire, si uongo.

— Usaha, papa? akasema Mujinga. Na mimi niko nakula!

— Donc tangu siku ile Mbelgiji halali bila siagi. Ng'ombe anamwita ndani ya damu. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Hiyo methali imeingiaje, mzee? akauliza Otieno, jicho moja limefumba.

— Imeingia na ng'ombe.

Otieno akajiweka sawa.

— Koko, nisikilize mimi. Tukipata picha ya mwizi, tunaibandika kwa gate, kila askari aikariri. Chanjo ni hiyo. Kuna ya kijidudu kilichotiwa pingu, kiko hai lakini hakiwezi kuiba. Kuna ya kijidudu maiti. Na ile ya polio tuliyotiwa matone mdomoni, huyo mwizi alipitishwa mlango wa jikoni.

— Na juu ya nini banarudilia sindano mara ya pili? akauliza Koko.

— Askari wanasinzia, maman. Lazima waamshwe. Hata mimi naamshwa.

— Alors mwezi wa nane mtu asichanjwe, akadakia Amissi. Askari wote wa Ubelgiji wako congé, likizoni. Na siku wakigoma je?

— Bote munadanganya! akasema Mujinga. Mu ile sindano banatiaka baridi ya hapa. Batoto yangu, tangu bachomwe, banakimbia mu theluji bila koti. Mimi balinichomea Lubumbashi, na mwezi wa sita niko na koti.

— Ndiyo maana tukasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wakamgeukia Amissi. Safari hii methali ilikuwa imekaa mahali pake, na aliyeshtuka zaidi ni yeye.

Koko alicheka nao, lakini mkono haukutoka kwenye kigari.

— Na mdogo wangu? Ba askari yake balikuwa wapi?

Otieno akafumbua macho yote mawili.

— Koko, alipodungwa, vipele vilikuwa vimetoka?

— Mwili muzima.

— Basi picha haikubandikwa. Mwizi alishavunja mlango, ndipo wakaita askari. Sindano ilichelewa tu, halafu ikasingiziwa.

Koko akaligeuza neno hilo kama mtu anayepima chumvi ulimini. Mama hakudanganya. Aliona mtoto anapumua, akaona sindano, akaona mtoto hapumui. Angesema nini kingine?

— Tuonyeshane vitambulisho, akasema Amissi, akikunja shati hadi begani. Alama yangu hii. Ya chanjo ya ndui.

Koko naye akapandisha mkono wa sweta. Alama ilikuwa palepale, duara lililokunjamana kama kitovu cha chungwa.

— Na ile ndui, leo iko wapi? akauliza Mujinga.

— Haipo. Dunia nzima haipo, akasema Amissi, bila methali.

Koko akagusa alama, na ndipo akasikia tena kiwiko cha mama yake. Maana bibi yake, mama wa mama, alikuwa na uso wenye vishimo vya ndui, kama udongo uliopigwa na mvua ya mawe. Siku wachanjaji walipofika kijijini, mama hakusubiri kuambiwa. Alifunga kitoto mgongoni, akamshika Kahambu kifundo cha mkono, akapasua kundi la wanawake kwa kiwiko, akipiga kelele: “Sukuma mguu, Kahambu! Leo tusikuwe ba mwisho!” Mama yule yule. Miaka yote hii Koko alikuwa ameitunza sauti ile ya kilio, na hii ya kiwiko akaisahau.

Mujinga akainamisha thermos. Likatoka tone moja, likagoma la pili.

Hapo akafika msichana wa Kitanzania, anahema, anasukuma kigari.

— Shikamoo mama. Shikamooni. Samahani jamani, nani wa mwisho hapa?

Ministre, aliyejua hadi siri za ng'ombe, akamtazama Koko. Radio ikageukia huko huko. Otieno akakumbuka usingizi. Mlango ukafunguka, akatoka yule mwanamke wa pili, mtoto wake analia kwa hasira, plasta pajani.

Koko akashusha mkono wa sweta. Akakanyaga breki ya kigari, ikaachia.

— Marahaba. Ni mimi wa mwisho, mwanangu. Ushike hii sura.

— Nimeishika, mama.

— Koko! akaita Mujinga. Na kahawa yako?

— Munywe. Mimi, mama yangu ananisukuma na kiwiko.