Ukuta Nyuma ya Kabati

Assalamu alaikum, mama zangu na dada zangu. Mwenyekiti ameniomba niseme yaliyonifika. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu, kwa hivyo mtanivumilia. Sitamtaja yeyote kwa jina.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, ni ya mawe, ya wazee wa mume wangu. Sisi tunakaa chini. Juu alikuwa akikaa wifi yangu. Binti yangu wakati ule alikuwa na miaka sita.

Masika yalipoingia, ukuta wa chumba chake ukaanza kutoka madoa meusi, kana kwamba mtu amemwaga pilipili manga. Nikayafuta, yakarudi. Nikamwita mpaka rangi, akapaka ile rangi ya mafuta inayong'aa. Kisha nikasukuma kabati mbele ya ukuta, nikafunga dirisha kwa sababu ya mvua na uchafu wa kichochoroni, na kila jioni nikawa nafukiza udi mle chumbani. Wageni wakiingia husema, "Mashallah, nyumba inanukia." Nami nafurahi.

Siku moja wifi yangu alishuka, akasimama mlangoni mwa chumba cha mtoto.

"Wifi, humu mnanuka ukungu. Mtoto asilale humu."

Ndugu zangu, nawaambia, mimi neno ukungu sikulisikia. Nilisikia kwamba mimi ni mchafu. Nikamjibu, "Kama huku chini kunakunukia vibaya, kaa juu kwako." Maneno yakazaa maneno. Mwezi haukwisha, akahamia Tudor kwenye fleti, na hatukusemezana tena.

Mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, na kifua kinapiga mluzi. Nikampa asali na tangawizi. Nikampeleka zahanati, akapata nafuu, kikarudi. Mwisho nikaingiwa na fikra kuwa ni husuda, na niliyemdhania ni wifi yangu. Nilimwambia mume wangu. Alichukua kofia yake akatoka.

Asubuhi moja, akivaa sare ya shule, mtoto alishindwa kumaliza sentensi. Midomo ikabadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia dawa. Daktari alikuwa mama wa makamo. Alisema ni pumu, kisha akaniuliza:

"Anapolala pakoje?"

"Pasafi, daktari."

"Sikuulizi usafi, mama. Hewa inaingilia wapi, na inatokea wapi?"



Aliporuhusiwa kutoka hospitali, mume wangu alisema mtoto atakwenda kwa shangazi yake Tudor wiki mbili. Hakunishauri. Nikamfungashia nguo zake. Kule alilala chumba chenye madirisha mawili, na kikohozi kikakatika. Nikamrudisha nyumbani. Siku ya tatu, kikaanza tena.

Hapo sikuhitaji mtu wa kunieleza. Nilivuta kabati kwa mikono yangu. Rangi ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Nilipoigusa ikabanduka yote, na nyuma yake ukuta umelowa, mweusi mtupu. Mgongo wa kabati vilevile. Gauni la mtoto la Idi lilikuwa limeota manyoya ya kijivu.

Nikampigia wifi yangu simu. "Wifi, ulisema kweli. Nisamehe."

Akauliza, "Mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko hapa."

"Mlete."

Basi, ni hayo tu aliyosema.

Tukamtafuta fundi mzee aliyezoea nyumba hizi. Akaugonga ukuta, akacheka. "Mawe haya yanapumua, bibi. Wewe umeyaziba pua." Akakuta bomba la tangi la juu linavuja ndani kwa ndani. Akalitengeneza kwanza, kwani bila hivyo, alisema, kazi yote ingekuwa bure. Kisha akavaa barakoa, akalowesha ukuta ili vumbi lisiruke, akakwangua rangi na simiti yote iliyokuwa chini yake. Ukuta ukaachwa wiki kadhaa ukauke, ndipo akapiga lipu ya chokaa, inayoacha mawe yapumue. Godoro nililitupa. Lilikuwa jipya, na liliniuma.

Sasa dirisha hufunguliwa kila asubuhi. Nguo mbichi naanika juu darini, si chumbani. Kabati limeachana na ukuta kiasi cha mkono kupita. Udi sifukizi tena karibu na mtoto, maana moshi nao unamkaba.

Sitawadanganya kwamba amepona. Pumu anayo, na dawa yake ya kuvuta haimbanduki. Lakini masika mawili yamepita hajalazwa.

Nawashukuru nyinyi mliokuja hospitali na vyakula, mkakaa nami bila maswali. Namshukuru daktari, na fundi, na mume wangu aliyeamua pale nilipokuwa siamui. Na wifi yangu. Tangu siku ile hajanikumbusha hata neno moja katika yale niliyomwambia. Ninayeyakumbuka ni mimi.

Kwa hivyo, mama zangu, mtu akikwambia nyumba yako inanuka, usianze kumtazama yeye. Nenda kautazame ukuta.