Mirija Minne ya Rangel Topuzov

Marehemu Rangel Stamov Topuzov, tunayemzika leo hapa Brestovitsa, alizaliwa tarehe 14 Februari 1958, siku ya kupogoa mizabibu, baba yake akiwa shambani na mkasi mkononi. Alikuwa mtoto wa pili wa Stamo na Ginka.

Alisoma shule ya kijiji, kisha chuo cha ufundi Asenovgrad, akamaliza mwaka 1977. Kuanzia hapo alikuwa fundi wa mapipa, kwanza katika kiwanda cha mvinyo, baadaye uani kwake. Aligonga pipa kwa kidole akajua linapovuja. Binadamu hakuwachunguza hivyo. Mwaka 2003 alimpa mgeni asiyemjua ufunguo wa ghala, eti akanywe maji. Mkewe, Zlatina, alihesabu chupa zote za mvinyo baada ya mgeni kuondoka. Haikupungua hata moja, na mgeni alikuwa ameacha kopo la asali. Zlatina alimwonjesha mbwa kwanza.

Walifunga ndoa Jumapili tarehe 27 Septemba 1981. Kabla ya hapo Zlatina alimpeleleza miezi minane, akaulizia mpaka kwa kinyozi wake. Hakupata baya lolote, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Walijaliwa binti mmoja, Nevena.

Tarehe 6 Mei mwaka huu, 2025, sikukuu ya Mtakatifu Georgi, mwanakondoo akiwa mezani, Rangel alishika kisogo, akasema kichwa kinapasuka, akaanguka. Mshipa ulikuwa umepasuka na damu kumwagika kuzunguka ubongo. Hospitalini Plovdiv, kama ilivyo kawaida, ndugu waliambiwa walete watu wa kuchangia damu kabla ya upasuaji. Kaka yake, Bogdan, alikwenda na jirani mmoja, wakarudi na vyeti. Rangel alipasuliwa kesho yake, akaamka, akaulizia nyama yake iko wapi.

Tangu siku ileile alipofikishwa, akiwa bado na fahamu, Rangel alikubali kuingizwa katika utafiti, na kila siku Daktari Milkova alikuja na sindano na mrija mmoja.

"Mama, hatari bado haijaisha," daktari alimweleza Zlatina. "Siku zinazofuata mishipa ya kichwani inaweza kujibana, ubongo ukakosa damu. Kuna vitu kwenye damu ambavyo huenda vinapanda kabla ya hapo. Tunapima tuone kama vinaweza kututonya mapema."

Zlatina machale yakamcheza. Loo! Juzi wanatuomba damu, leo wanaichota? Na nani asiyejua kwamba kuna watu wanaiuza? Siku ya nne jioni aliinama sikioni kwa mumewe.

"We Rangel, unakamuliwa hivi hivi unaona?"

"Mke wangu, ni vijiko viwili tu."

"Leo vijiko, kesho ndoo! Kataa."

Rangel akacheka. "Haya bibie, nakataa. Angalau wewe ulale."

Siku ya tano daktari alibembeleza, na Zlatina akamwambia akatafute ng'ombe mwingine wa kukamua. Siku ya sita ikawa vilevile. Mkono wa Rangel ulikuwa chini ya shuka, na Zlatina ameushika. Siku ya saba, Jumatatu tarehe 12 Mei, ulimi wa Rangel ukawa mzito, kisha maneno yakakatika. Mishipa ilikuwa imejibana. Madaktari walimpigania siku nne. Alifariki Ijumaa tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Tangu hapo kijiji kizima kinanong'ona kwamba daktari aliuza damu ya Rangel, na jana Bogdan aliapa kumburuta mahakamani. Lakini jana hiyohiyo Zlatina naye alikwenda hospitalini.

"Nionyeshe damu ya mume wangu," alimwambia daktari. "Yote."

Daktari hakubisha, akafungua friji. Ilikuwepo mirija minne, kila mmoja na tarehe yake, na pembeni nafasi mbili tupu.

"Wa siku ya nne ulionyesha kupanda kidogo," daktari alisema. "Mmoja hautoshi, mama. Tulihitaji wa tano na wa sita."

"Mngemwokoa?"

"Sijui. Vipimo vyenyewe bado tunavijaribu. Pengine hata tungejua, ingekuwa vilevile."

Zlatina aliihesabu mirija tena, mmoja mmoja. Mpaka sasa anashuku kwamba daktari alimwambia hivyo kwa kumwonea huruma.

Basi isemwe hapa mbele ya jeneza, Bogdan asikie na Brestovitsa yote isikie. Hakuna aliyeuza damu ya Rangel. Aliyezuia isichukuliwe ni mkewe. Zlatina ndiye aliyeandika wasifu huu, na ndiye anayeusoma.

Marehemu ameacha kaka mmoja, Bogdan. Binti, Nevena, na mume wake, Asparuh. Wajukuu wawili, Kalina na Stamo. Na mjane, Zlatina.

Mungu akupe pumziko, Rangel. Nisamehe, mume wangu.